Wimbo wa Nne

Magodoro mawili nimeyasimamisha ukutani,
blanketi ya jeshi nimeipigilia mlangoni,
na bado Katuba inaingia:
jogoo, kinu cha jirani, muuza mkate
anayeita kana kwamba mkate utamkimbia.

Hii ndiyo studio. Maikrofoni moja,
kompyuta inayopumua kama mgonjwa,
na Godeliva Numbi juu ya ndoo iliyopinduliwa
kwa sababu kiti changu kinalia.

Amekuja na nyimbo tisa kwenye daftari la shule
na gita ambalo uzi wake wa tatu
ni waya wa breki ya baiskeli.
Haimbi rumba. Nilimwonya mapema:
"Gode, watu watauliza wacheze vipi."
Akasema, "Wakae."

Alijifunzia kwenye kanda za wamisionari,
sauti za puani za watu wa mbali,
ng'ombe, mvua, mke aliyeondoka na friji,
treni, treni, treni.
Maneno hakuyaelewa hata moja.
Treni aliielewa.

Basi farasi akamrudisha kwao, na kofia yake.
Vumbi akalibakiza, letu jekundu zaidi.
Chupa mezani akaibakiza.
Na pale palipokuwa na mlima wa theluji
akauweka mlima wetu mweusi, mabaki ya shaba,
na bomba refu linaloangalia mji
kama mlinzi aliyesahau analinda nini.

Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa sita.
Hakusimama. Aliimba gizani hadi mwisho,
na mwishoni akacheka kidogo, puani.
Huo ndio ulikuwa mzuri kuliko zote.
Haumo kwenye albamu.

Jumamosi baba yake akaja,
miaka thelathini na moja ya reli mgongoni,
barua ya kuachishwa kazi bado mfukoni, ndani ya nailoni.
Hakusalimia mashine. Alikaa kwenye kiti kinacholia,
kikalia,
nikamwekea wimbo wa nne, ule wake:
jina lake limo, na taa yake, na bukari iliyopoa
ikimngoja chini ya sahani.

Nilidhani atafuta macho.
Akasema, "Treni hii inakwenda mbio."

Gode akasema, "Baba, ni wimbo."
"Wimbo wa treni gani? Ya Wazungu?
Yetu ya Kamina, mwanangu,
mama mmoja alijifungua kabla ya Luena,
akapumzika, akafua nepi, akazianika kwenye nyasi,
zikakauka,
ndipo injini ikapiga honi."

Akanyosha kidole, akagonga goti:
tam.
Tukangoja.
Jogoo akawika, kinu kikazimwa,
nikaanza kuhesabu deni langu la umeme.
Tam.

Gode alikaa kimya muda mrefu.
Kisha akalegeza nyuzi zote, hata ule wa breki,
mpaka gita likaongea kama mtu aliyetoka usingizini,
na akaanza tena, akimtazama kidole,
hakumtazama usoni.

Sasa wimbo wa nne una dakika saba na nusu.
Hakuna redio itakayoupiga.
Kuna mahali, baada ya ubeti wa pili,
ambapo hakuna kitu kabisa,
na ukiweka sikio utasikia kiti changu,
na kikohozi cha vumbi la zamani.

Jogoo nimemfuta. Muuza mkate nimemfuta,
ingawa aliingia kwenye noti sahihi.
Kwenye kikohozi mkono wangu ulifika, ukasimama.

Tulitoa nakala arobaini.
Ya kwanza aliichukua yeye, bila ya kulipa,
akaiweka mfukoni, kwenye nailoni,
pamoja na ile barua.